Naomba ushauri: igba nkwu na bwana harusi asiyekunywa pombe

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu anaoa binti wa Kiigbo, na Desemba tunakwenda kwao Anambra, Nigeria, kwa igba nkwu, yaani harusi ya jadi ya Waigbo. Orodha ya vitu vinavyotakiwa na umunna, yaani ukoo wa baba wa binti, tumeikamilisha: viazi vikuu, kokwa za kola, vitenge. Tatizo ni kile kikombe. Bibi harusi hupewa pombe ya mchikichi, humtafuta mumewe katikati ya watu, hupiga magoti na kumpa anywe. Mdogo wangu ni Mwislamu, hanywi kabisa. Mchumba anasema agusishe midomo tu. Hilo nalo hataki.

Walioolea huko, kikombe kinaweza kujazwa kinywaji kingine bila kuwavunjia wazee heshima? Na ombi hilo alipeleke nani, baba mkubwa au mshenga?