Mashua za vita kupanda mlima: kweli au porojo?

Swali: Niko Dunga, Kisumu. Jana tulisukuma mashua kwa fundi, watu kumi, mgongo bado unaniuma. Mzee mmoja akacheka, eti Waingereza walivusha mashua za vita milimani hadi Ziwa Tanganyika. Ni kweli?

Jibu: Kweli, kaka. 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli hadi Cape Town, reli hadi Kongo, kisha injini za mvuke na ng'ombe zikazikokota juu ya milima ya Mitumba. Wajerumani waliona ziwa ni lao. Desemba 26 wakanyang'anywa Kingani, meli yao ya vita. Mashua za Waingereza ziliitwa Mimi na Toutou.

Jibu: Hata Mehmed wa Pili, sultani wa Waturuki, alivusha meli zake nchi kavu mwaka 1453, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta.

Muulizaji: Mashua inaitwa Mimi? Haya, yangu imepona. Nani anakuja kusukuma?