Sarafu za Mjerumani alizoacha babu: soko likoje kwa sasa?

Mjukuu wa Sikonge

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Babu yetu alifariki mwaka jana akaacha kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za zamani, na wanafamilia wamenikabidhi jukumu la kujua thamani yake. Nimezihesabu: rupia 11 za fedha zenye kichwa cha Kaisari, mfalme wa Wajerumani, vipande 46 vya heller 20 (heller ilikuwa senti ya rupia) vya mwaka 1916, sarafu mbili kubwa sana za heller 5 za mwaka 1909, shilingi kadhaa za Afrika Mashariki zenye simba, pamoja na sarafu moja ya rangi ya dhahabu yenye tembo, iliyoandikwa 15 Rupien, yaani rupia 15. Dalali mmoja amekwisha kuja nyumbani mara tatu akitaka kununua kopo zima kwa bei ya jumla, na anadai kwamba soko la sarafu linakufa. Mitandaoni, kwa upande mwingine, nasoma kuwa rupia moja ya Mjerumani ni mamilioni ya shilingi. Wote wawili hawawezi kuwa wakweli. Je, soko likoje hasa, na je, ni kosa kisheria kuuzia watu wa nje ya nchi?

Kibindo cha Tanga

Pole kwa msiba, ndugu. Nianze na hayo mamilioni: yaondoe kichwani kabisa. Simulizi za rupia zenye nguvu za ajabu zimewafilisi watu wengi hapa nchini, na hakuna mkusanyaji wa kweli anayenunua kwa sababu hizo. Mkusanyaji hutazama mambo matatu, yaani zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na wanaozitaka ni wengi kiasi gani. Umri peke yake hauna uzito mkubwa. Rupia ya mwaka 1905 iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi hadi masharubu ya Kaisari yakafutika haiizidi sana thamani ya fedha iliyomo, ambayo ni kama gramu 10.7, lakini rupia ileile ikiwa haijawahi kutumika inaweza kuuzwa kwa mara nyingi ya bei hiyo.

Heller 20 za 1916 zina historia nzuri kuliko bei yake. Meli za kivita za Waingereza zilipoifunga pwani wakati wa Vita vya Kwanza, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika, kwa hiyo utawala ukaanza kugonga zake katika karakana ya reli pale Lulanguru, nje kidogo ya Tabora, kwa kutumia shaba nyekundu na shaba ya manjano, yakiwemo maganda ya mizinga. (Neno letu "hela" linatokana na heller hizohizo, jambo ambalo vijana wengi hawalijui.) Ziligongwa zaidi ya milioni moja, ndiyo maana za kawaida ni rahisi. Hata hivyo zitazame kwa kioo cha kukuzia: kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER hutofautiana, nyingine zimechongoka na nyingine zimejikunja. Baadhi ya michanganyiko hiyo ni adimu, na wakusanyaji wa Ujerumani huilipia vizuri.

Zile kubwa za heller 5 zichunge sana. Zilitolewa 1908 na 1909 tu, na ni vigumu kupata ambazo hazijagongwagongwa ukingoni.

Sonara Mstaafu

Nitazungumzia tembo peke yake, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia. Sarafu ya 15 Rupien ni ya kweli na ni maarufu duniani: iligongwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, vipande 16,198 tu, kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora mwezi Septemba. Kwa sababu hiyohiyo imeigwa sana. Iliyo halali ina uzito wa gramu 7.168, nayo ni robo tatu dhahabu. Nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani ya kidijitali uipime kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Shaba ya manjano ni nyepesi mno kuliko dhahabu, hivyo sarafu ya shaba ya ukubwa uleule haiwezi kufika hata gramu tano, hata ipakwe rangi ya kupendeza namna gani. Usikubali mtu aikwangue wala kuimwagia tindikali. Mizani inatosha kwa hatua ya kwanza.

Mchambuzi wa Mnada

Dalali anaposema soko linakufa, mwulize ni soko lipi. Kileleni hakujafa: dola 20 ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 1933 iliuzwa New York mwezi Juni 2021 kwa karibu dola milioni 18.9, na Januari 2022 dola ya fedha ya 1794 ikapata milioni 12. Sarafu za kawaida nazo zimebebwa na bei ya madini, kwani Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia na fedha ikavuka dola 50. Zinazobanwa ni za katikati, yaani sarafu nzuri kiasi ambayo si adimu, ambayo zamani iliuzwa kwa nyongeza kubwa juu ya madini yake na sasa nyongeza hiyo imepungua. Shilingi zako za simba zina robo tu ya fedha, na za miaka ya mwisho hazina kabisa, kwa hiyo usizitegemee sana.

Usikimbilie pia kupeleka kila kitu kwenye makampuni ya kupanga madaraja kama PCGS na NGC, ambayo huipa sarafu alama kati ya 1 na 70 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Ada, posta na bima vitakula thamani ya heller 20 iliyochakaa mara kadhaa. Peleka ile tu ambayo daraja lake litabadilisha bei.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinaguswa moja kwa moja. Za Mjerumani ni za baadaye, lakini mimi kabla ya kusafirisha ningeuliza kwa maandishi ofisi ya mambo ya kale, kwa sababu maafisa wa forodha hawana muda wa kusoma tarehe za Kaisari.

Mjukuu wa Sikonge

Nashukuru sana. Nimerudi kutoka kwa sonara: tembo ana gramu 4.1. Basi. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba shangazi, kwa nia njema kabisa, alizisugua rupia tisa kati ya 11 kwa majivu na limau ili zimpendeze dalali.

Kibindo cha Tanga

Hizo tisa sasa ni za bei ya madini ya fedha tu, kwa sababu mikwaruzo haiondoki. Mbili zilizobaki, pamoja na zile kubwa za heller 5, usiziguse kwa kitambaa wala sabuni. Zishike ukingoni, kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi kavu, si kwenye mifuko laini ya plastiki ambayo huacha utandu wa kijani. Kisha mwambie dalali kwamba huuzi kopo, akutajie bei ya sarafu moja moja. Utajifunza mengi.

Mjukuu wa Sikonge

Nimefanya hivyo leo asubuhi. Dalali hakuitazama ile ya tembo hata kidogo. Alizichukua zile heller 5 mbili, akazigeuza kwa muda mrefu, akataja bei inayozidi ile aliyotoa kwa kopo zima wiki iliyopita. Nimemwambia nitampigia simu.