Levo ya msingi, mita 60: mpira wa maji, leza au mashine?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Kuna msingi wa ukuta wa fensi, mita 60 mstari mmoja, kiwanja kinashuka kama sentimita 90 kona hadi kona. Fundi anataka kutumia kamba na ile pima maji ndogo ya kuning'iniza. Au ninunue leza ya bei nafuu? Kipi kina uhakika?

Jibu 1
Kamba hiyo mkatalie. Urefu huo inalegea hata uivute vipi, na kipima kikihama katikati kinasoma mlegeo. Ni kifaa cha makinga maji shambani, kamba ya mita 10, kipima kwenye mita 5 kamili. Leza za bei hiyo nyingi zimeandikwa milimita 3 kwa kila mita 10. Kwa mita 60 zako ni milimita 18, juu au chini. Tena juani mstari huuoni bila kipokezi, kile kifaa cha kunasa mwanga wa leza.

Jibu 2
Chukua mpira unaoonyesha maji, wa milimita 10 ndani, urefu mita 35. Kigingi cha kuanzia kiweke katikati ya mstari, kisha pima kila kona kutoka hapo hapo. Ukiruka kigingi hadi kigingi makosa yanajumlishana.

Ujaze kwa kufyonza kutoka ndoo iliyo juu, maji yatiririke hadi mapovu yaishe. Povu moja lililokwama linatosha kukudanganya. Kutanisha ncha mbili kwanza: maji yasipolingana, bado kuna hewa. Ziba kwa vidole unapohama, lakini wakati wa kusoma ncha ZOTE ziwe wazi (hapa ndipo vibarua wengi huharibu), na usome pale chini kabisa uso wa maji unapobonyea ndani ya mpira.

Pima asubuhi. Upande mmoja ukiwa juani kwa nyuzi 45 na mwingine kivulini kwa 25, kila mita moja ya kimo cha maji, mpira ukisimama wima, inakupa kosa la karibu milimita 7.

Muulizaji
Na mashine ya kukodi, ile darubini ya kupimia levo?

Jibu 3
Kama kuna pembe nyingine za kuhamishia levo, kodi siku moja. Isimamishe katikati, mita 30 kila upande, kosa la darubini linajifuta lenyewe. Kabla ya kulipa ijaribu: vigingi viwili mita 40, soma tofauti ya kimo kati yake ukiwa katikati, halafu usogee karibu na kimoja usome tena. Tofauti ikibadilika kwa milimita kadhaa, irudishe dukani.