Umeme wa sola unaobaki mchana, naweza kuwauzia TANESCO?

MamaLoji_UsaRiver:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina loji ndogo hapa Usa River, paa lina sola ya kilowati 15. Wageni wakishakunywa chai wanaondoka kwenda Tarangire, mchana kutwa umeme unabaki na friji na mashine ya kufulia. Jioni wanarudi wote wamejaa vumbi, kila mmoja anataka maji ya moto, ndipo LUKU inapokimbia. Betri za kubeba mzigo huo, bei yake msinikumbushe. Naweza kuuingiza ule wa mchana kwenye gridi, yaani nyaya za TANESCO, nikalipwa?

FundiInveta:
Marahaba mama. Kulipwa fedha, ondoa mawazo. Kubadilishana kupo: kanuni za 2018 zinaruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1. Unaomba TANESCO, wanakagua, unafungiwa mita inayosoma kwenda na kurudi. Ziada inakuwa salio la yuniti. Ila usije ukaunganisha kimyakimya! Baadhi ya mita za LUKU zinahesabu hata unachotoa kama umenunua. Na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa TANESCO, lazima izime yenyewe gridi ikikatika. Fundi wa laini yuko juu ya nguzo anajua waya umekufa, kumbe paa lako linausukumia moto.

Kibosho_1:
Mbona TPC, kiwanda cha sukari huku Moshi, wanauza umeme wa mabaki ya miwa?

FundiInveta:
Hao wako kundi la wazalishaji wadogo, kilowati 100 hadi megawati 10. Wana mkataba, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inasimamia bei.

Mhasibu_Njiro:
Ugumu wa EWURA uko kwenye hesabu. Mtumiaji mdogo, asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa yuniti. Mama analipa 292 kabla ya kodi na tozo. Pengo hilo linabebwa na watu kama yeye, pamoja na nguzo na transfoma. Sasa wenye mapaa makubwa wa Njiro yote wakijitoa mchana na kurudi usiku kuchukua salio, nguzo atalipia nani? Bibi wa kijijini Ngarenanyuki? Mimi ningeruhusu, lakini kila aliyeunganishwa achangie laini kila mwezi.

MamaLoji_UsaRiver:
Nichangie tena? Transfoma ya mtaani kwetu mchana naipunguzia mzigo bure!

FundiInveta:
Mama, kibali kikiwa njiani, chemsha maji saa sita mchana. Tangi lenye koti nene linafika jioni bado la moto.

MamaLoji_UsaRiver:
Hilo nimelipenda. Taima ya hita nitapata mjini kwa shilingi ngapi?