Bata wa mayai: nini kichukue nafasi ya sambaza?

Mfugaji wa Bagira
Ndugu wafugaji, ninawasalimu. Bata wangu wa mayai wanakula mahindi ya kusagwa, pumba na sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kila mwezi unapokuwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti samaki, bei inapanda soko la Kadutu hapa Bukavu, nami nikipunguza kipimo mayai nayo yanapungua. Je, ninaweza kuwaacha sambaza kabisa? Jirani mmoja ananishauri soya mbichi, mwingine funza.

Papa wa Kabare
Mama, soya inafaa, ila isiwe mbichi, kwa sababu ina vizuizi vinavyolizuia tumbo la bata kusaga protini, na hivyo utakuwa unalipia chakula kinachopita tu. Ikaange katika sufuria pana huku ukikoroga bila kuacha, mpaka ganda lianze kupasuka na ile harufu ya majani mabichi iishe, kisha uiache ipoe ndipo uisage. Bata anayetaga anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18, wakati mahindi yana takribani 8 au 9 tu. Sehemu moja ya soya kwa sehemu tatu za mahindi na pumba inakufikisha karibu na hapo. Hata hivyo mimi nisingewaacha sambaza kabisa, hata kama ni konzi chache, kwa kuwa soya ina upungufu wa methionini, sehemu mojawapo ya protini, ambayo samaki anayo kwa wingi. Tena mifupa ya sambaza ilikuwa inawapa kalisi, madini ya kujenga ganda la yai: ukiwapunguza, ongeza maganda ya konokono au ya mayai yaliyochomwa na kusagwa, la sivyo utaanza kuokota mayai laini.

Mfugaji wa Bagira
Asante, Papa. Na funza?

Mama wa Panzi, Bukavu
Dada, funza wa nzi askari mweusi ni chakula kizuri sana. Wakikaushwa protini yao hufika karibu asilimia 40, na wanakua kwenye maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni. Ila usiwaoteshe kwenye mzoga wala nyama iliyooza. Humo huzaliwa sumu ya botulizimu, ambayo funza huibeba bila kudhurika, lakini bata akiwala shingo inalegea, hawezi tena kuinua kichwa, na mara nyingi hafiki kesho.

Na ukifikiria mashudu ya karanga badala ya sambaza, yaogope zaidi, hasa majira ya mvua: yakishika ukungu yanakuwa na aflatoksini, yaani sumu ya ukungu huo, na katika ndege wote wa kufugwa bata ni miongoni mwa wanaoathirika upesi. Kuku wa jirani akiyala bila kuonyesha dalili, usidhani bata wako naye atapona.

Papa wa Kabare
Ninakubaliana na Mama. Niongeze tu kwamba unga wa soya uuloweshe kidogo na maji yawe karibu na chombo, kwani bata akila unga mkavu unamkaba. Na utakachobakiza jioni ukimwage, kisilale.