Tozo ya taka kwa wajenzi wa maghorofa: mnaiungaje mkono au mnaipingaje?

Wakuu, hii hoja ya kwamba kila anayepewa kibali cha kujenga maghorofa alipe tozo ya kugharamia magari ya taka, makontena na vituo vya kuchambulia taka za rejeleza, mimi naiunga mkono ila kwa masharti, na naona wengi wanabishana kwenye kitu ambacho wala siyo shida yenyewe.

Tuanze na haki. Mtu anabomoa nyumba ya familia moja anasimamisha ghorofa la familia 40, barabara ileile, gari la taka lilelile na ratiba ileile. Anauza, anachukua chake, anasepa. Wanaobaki na mlima wa taka pale kona ni majirani waliokuwepo miaka yote, sasa hapo aliyevuna faida asichangie kwa nini?

Wapinzani wanasema mjenzi ataihamishia kwa mnunuzi au mpangaji. Sikatai, inatokea. Ila bei ya nyumba inapangwa na soko, mjenzi hajiamulii tu, na kama kiwango kinajulikana mapema atakitoa kwenye bei anayompa mwenye kiwanja. Balaa ni tozo ya kushtukiza, kiwanja kishanunuliwa, mkopo wa benki unakimbia riba, ndo anaambiwa lipa. England na Wales tozo ya miundombinu ipo tangu 2010, inahesabiwa kwa mita ya mraba na halmashauri inayoitoza lazima itangaze viwango vyake, kwa hiyo mtu anapiga hesabu kabla. Na Marekani mwaka 2024 Mahakama ya Juu, kesi ya Sheetz na kaunti ya El Dorado (jamaa alitozwa zaidi ya dola 23,000 za barabara ili apewe kibali cha nyumba), ikasema tozo kupitishwa na baraza hakuipi kinga, bado inapimwa kama ina uhusiano na uwiano na athari za mradi. Hilo ndo sharti langu la kwanza, tozo ya taka ikaonekane kwenye taka za eneo hilo, siyo kulipia posho za vikao.

Sasa penye shida yenyewe. Tozo inalipwa mara moja, taka zinazalishwa kila siku. Itanunua gari sawa, dizeli na mshahara wa wale vijana wanaoning'inia nyuma nani analipa mwezi wa pili? Bila ada ya kila mwezi gari litaishia kuoza kwenye yadi, tairi zimeisha upepo.

Halafu ramani jamani! Chumba cha mapipa kinawekwa chini kabisa ya jengo, dari fupi, gari la kushindilia taka haliingii, mapipa yanasukumwa kupanda ule mteremko kwa mikono. Bomba la kutupia taka ni moja tu kutoka ghorofa ya juu, chupa inapasukia juu ya maboksi, maboksi yanalowa mabaki ya chakula, hapo mrejelezaji anachukua nini? Ukishajenga hivyo tozo hata iwe kubwa vipi haikusaidii, kwa hiyo mimi ningeanza na kukatalia kibali ramani za namna hiyo, hela baadaye.

Nyie mnaosema tozo isiwepo kabisa, niambieni kontena la hizo familia 40 linunuliwe na nani.