Hoja zisizofuatana: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaomba kila mmoja asimulie tukio alilolishuhudia mwenyewe, ambapo mtu alitoa hoja akaifungia "kwa hiyo", ilhali neno la pili halikutokana hata kidogo na la kwanza.

Nianze mimi wa Wete. Msimu wa karafuu, jirani yetu aliamka akakuta jamvi moja tupu. Barazani, mzee tunayemheshimu alikishika kiganja cha kijana aliyekuwa akipita, akakinusa, akasema kwamba mwizi wa karafuu lazima mikono yake inuke karafuu, na ya huyu inanuka, kwa hiyo mwizi ni yeye. Watu wakaafiki. Bibi yangu, aliyekuwa kizingitini akichambua makonyo, alinyoosha viganja vyake viwili na kusema, "Basi nifungeni na mimi." Kijana akaachwa. Kosa hilo mwanafalsafa Aristotle alilieleza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: mvua huilowesha ardhi, lakini ardhi kulowa hakuthibitishi kwamba mvua imenyesha.

Mchangiaji wa Mkoani:
Kwetu marehemu babu alipenda kutusimulia Abunuwasi na sufuria aliyoiazima kwa jirani. Jirani aliposikia kwamba sufuria yake imezaa, aliipokea ndogo bila ya kuuliza; alipoambiwa imekufa, ndipo akakumbuka kwamba sufuria haina roho. Babu alikuwa akinyamaza hapo, akatuachia tuseme wenyewe jirani alikosea wapi.

Mchangiaji wa Mjini, Unguja:
Nasomesha skuli ya sekondari. Huwapa wanafunzi hoja ya mwanamantiki katika tamthilia ya Ionesco ya mwaka 1959, Rhinoceros: paka wote hufa, Socrates amekufa, kwa hiyo Socrates ni paka. Darasa zima hucheka, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Kisha huandika ubaoni hoja yenye umbo lilelile: wavivu wote hufeli, fulani amefeli, kwa hiyo fulani ni mvivu. Hapo kicheko hukatika, na wengi huikubali, kwa sababu hitimisho lake wamekwishalisikia nyumbani na mitaani, wakalizoea kabla ya kulipima. Inanisikitisha kila mara, maana baadhi yao ndio hao waliofeli, na wameshaamini walivyoambiwa. Somo hilo silipitishi haraka. Huwataka kila mmoja ataje sababu nyingine inayoweza kumfelisha mtu, na ubao hujaa: homa, njaa, kazi za shamba, kukosa vitabu.